Kompyuta yahesabu, nani anayehisi?

KWA miaka mingi sasa tumekuwa tukiambiwa kuwa siku yaja ambapo kompyuta itakuwa sawa na mtu. Ray Kurzweil, mvumbuzi maarufu wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2005 alitaja mwaka 2029 kuwa ndio ambao mashine itafikia akili ya binadamu, na mwaka 2045 kuwa ndio ambao itawapita mbali wanadamu wote. Hoja yake imejengwa juu ya kasi ya kuongezeka kwa nguvu za kompyuta. Wengi waliomsikia wakaongeza la kwao: kwamba nguvu hizo zikizidi, mashine itapata na fahamu.

Suala la kujiuliza ni je, hoja hiyo inasimama?

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya Intel, aliandika kuwa idadi ya vipande vinavyowekwa katika chipu moja inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema ni kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Chipu ya H100 ya kampuni ya Nvidia, iliyotangazwa mwaka 2022 na kutumika sana katika kazi za akili bandia, ina transista bilioni 80.

Lakini transista ni nini? Ni swichi. Inapitisha umeme au inauzuia, basi. Kwamba swichi bilioni 80 zinafanya mambo ambayo swichi 2,300 haziwezi, hilo halina ubishi. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa mchezo wa sataranji. Lakini Kasparov ndiye aliyeumia kwa kushindwa. Deep Blue haikufurahi kwa kushinda.

Aidha, kasi hiyo yenyewe imeanza kugonga mwamba. Tangu katikati ya miaka ya 2000, joto limewazuia watengenezaji kuziendesha chipu kwa kasi zaidi na zaidi kama zamani. Chipu moja ya H100 inaweza kula hadi wati 700. Ubongo wa mtu, wenye takriban seli bilioni 86 za mishipa ya fahamu, unatumia kiasi cha wati 20 tu. Ndiyo maana baadhi ya wahandisi wameamua kuuiga ubongo. Mwaka 2014 IBM ilionyesha chipu ya TrueNorth, iliyotengenezwa kufanya kazi kwa mfano wa seli milioni moja za ubongo.

Hapa mtu anaweza kuuliza: je, wakifaulu kuuiga wote, fahamu haitakuja yenyewe? Wapo wanazuoni wa elimu ya ubongo wanaoamini hivyo, na hatuna haja ya kuwakejeli. Lakini tuangalie walipofika. Mwaka 1998 mtafiti Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 sayansi itakuwa imebainisha jinsi ubongo unavyoleta fahamu. Mwaka 2023 muda ukatimia, na Koch akakiri hadharani kuwa ameshindwa. Sasa, ikiwa haijulikani fahamu inatokeaje kwa mtu mwenye nayo, ni kwa kipimo gani itasemwa kuwa ipo ndani ya chipu? Kuhesabu transista si kipimo.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Mtu akizirai tunasema amepoteza fahamu. Umeme ukikatika tunasema kompyuta imezimika. Hakuna anayesema imezirai, kwa sababu haikuwa na fahamu ya kupoteza.

Pengine msomaji atasema haya ni mambo ya wasomi wa Marekani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Januari 2023 jarida la Time lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi waliofanya kazi kwa niaba ya kampuni ya OpenAI, yenye ChatGPT, kupitia kampuni ya Sama. Kazi yao ilikuwa kusoma maandishi ya unyama wa kila aina, yakiwemo ya watoto kunajisiwa, ya mauaji na ya mateso, na kuyawekea alama ili programu ijifunze kuyatambua. Kilichobaki mkononi mwao kilikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mmoja wao alieleza kuwa aliyoyasoma yaliendelea kumrudia akilini.

Tafakari hapo. Maneno yale yale yalipita kwa mtu na yakapita kwa mashine. Mashine ikazidi kuwa sahihi. Mtu akakosa raha. Huo ndio mpaka tunaouzungumzia, na haukuhitaji maabara kuonekana.

Hatari basi si kwamba kesho kompyuta itaamka na kututawala. Hatari ni sisi kuipa heshima ya mtu, kisha tukawasahau watu. Tayari tumezoea kuambiwa dirishani, "kompyuta imekataa," mwenye shida akarudi nyumbani bila kujua amlalamikie nani. Akili bandia ikiingia katika mikopo, ajira, hospitali na mahakama, jibu hilo litazidi kuwa rahisi. Lakini kompyuta haiwezi kuona aibu, haiwezi kujuta wala kuomba radhi. Nyuma yake yupo mtu aliyeinunua, aliyeiandikia programu na aliyeamua kuitii.

Kwa hiyo chipu na ziendelee kuwa ndogo na zenye nguvu, na tuzitumie. Ila kila inaposemwa kuwa mashine imeamua, tuulize maswali mawili: nani ataumia kwa uamuzi huu, na nani atajibu? Majibu yote mawili ni mtu.