SOMO: TUWAALIKE WENZETU KATIKA KUNDI LA SIMU

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Kabwe akichelewa kupata habari kama hiyo, anaweza kukopa pesa za nyavu, kumbe ziwa linafungwa! Kundi la WhatsApp la watu wanaofahamiana husaidia habari kufika mapema. Je, tuwaalikeje wenzetu?

1. Anza na wachache mnaoaminiana.

2. Muulize mwenzako kwanza. Usimwingize kimyakimya, maana namba yake huweza kuonekana kwa wote.

3. Mweleze kazi ya kundi: bei ya dagaa, upepo ziwani, misiba. Porojo zikizidi, watu hutoka.

4. Asiye na simu janja asiachwe. Jirani amsomee.

5. Habari ya kufunga ziwa ithibitishwe kwanza kwa afisa uvuvi.

6. Namba ya siri ya pesa haitumwi kundini, hata anayeiomba akiwa mwenyekiti.

Maswali ya kujadili:
Kwa nini tuulizane kwanza? Mtaani kwenu nani hana simu janja, na nani atamsomea?