Mmea Hufunga Sumu, Tumbo Huifungua: Somo Nililolipata Nakapanya

Likizo ya mwaka wa kwanza nilifika nyumbani Nakapanya na begi la madaftari na maneno mengi mdomoni. Kwa asiyepajua, Nakapanya iko kwenye barabara ya Masasi kwenda Tunduru. Ukiendelea nayo unapita Namtumbo mpaka Songea. Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua mahindi. Mazima aliyaweka upande huu; yenye ukungu, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyovunjika, upande ule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Wewe msomi, hebu niambie: haya ya ukungu nikiyasaga nikayapika sana, si yanafaa?"

Nikajibu bila hata kumeza mate: "Yanafaa bibi. Moto unaua kila kitu."

Bibi akaniamini. Akayachanganya, yakaenda mashineni, yakawa uji wa wajukuu. Mwaka wa pili, kwenye mhadhara wa sumukuvu, ndipo nilipojua nimesema nini. Naandika makala haya kwa sababu nadhani siko peke yangu. Wengi wetu huko nyumbani tunaulizwa, na tunajibu.

Tuanze na kosa langu. Moto unaua kuvu, lakini kuvu si sumu. Kuvu ni kiumbe hai; sumu ni kemikali ambayo kuvu ameitengeneza na kuiacha ndani ya punje. Aflatoksini, inayotokana na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi. Ugali unapikwa kwa maji yanayochemka, yaani karibu nyuzi 100. Koroga mpaka mwiko uvunjike, sumu nyingi itabaki sufuriani.

Na si jambo la vitabuni tu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini na 125 walifariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20.

Sasa swali lililonikosesha usingizi: mmea wenyewe haujitetei? Kwa kweli nafaka zinajitetea, na namna zinavyofanya inavutia sana.

Chukua sumu iitwayo deoksinivalenoli, kwa kifupi DON. Inatengenezwa na kuvu wa jamii ya Fusarium anayeshambulia ngano, shayiri na mahindi. DON ikiingia kwenye seli ya mmea huenda moja kwa moja kwenye ribosomu, kile kiwanda cha kutengeneza protini, ikajipachika na kukisimamisha. Seli bila protini mpya haiwezi kupigana, kwa hiyo kuvu anasonga mbele.

Mmea unajibu kwa kimeng'enya kinachochukua glukosi, sukari ya kawaida kabisa, na kuigandisha kwenye DON. Sumu iliyobeba sukari haiingii tena kwenye nafasi yake pale kwenye ribosomu. Ni kama ufunguo uliopakwa saruji. Kisha seli inausukuma mzigo huo kwenye vakuoli, stoo yake. Jeni ya kimeng'enya cha namna hii ilielezwa mwaka 2003 katika mmea mdogo wa Arabidopsis, na mwaka 2010 ikaelezwa ya shayiri. Shayiri hiyo ilipotoa jeni yake kwa ngano, ngano ikastahimili ugonjwa vizuri zaidi.

Ipo njia ya pili. Mwaka 2020 watafiti wa China walieleza jeni iitwayo Fhb7, iliyotoka kwenye nyasi ya porini yenye undugu na ngano. Kimeng'enya chake hakiifungi sumu kwa sukari. Kinaunganisha glutathioni pale pale kwenye kiungo kinachoipa sumu ukali, na kiungo hicho kinafunguka. Hapo sumu imeharibiwa.

Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo kiini cha somo. Sumu iliyofungwa kwa sukari haijaharibiwa, imefichwa. Kipimo cha maabara kinachotafuta DON peke yake kinaweza kuipita bila kuiona. Halafu sisi tunakula. Bakteria wa utumbo wetu wanapenda sukari, wanaikata, na DON inabaki huru tumboni mwako. Mmea umejiokoa wenyewe, haukutuokoa sisi.

Nanyi msije mkaniambia basi mahindi ya Nakapanya yatajisafisha. Ule mfumo wa sukari ni wa sumu za Fusarium kama DON. Dhidi ya aflatoksini, punje ya mahindi inategemea zaidi kumzuia kuvu asiingie: ganda zima, nta juu yake, na protini zinazomdumaza. Mdudu akitoboa, au punje ikipasuka wakati wa kupukuchua, lango liko wazi. Ndiyo maana ule upande wa pili wa mkeka wa bibi ulikuwa na maana kubwa. Bibi alikuwa anafanya sayansi, mimi nikamvuruga.

Nilimpigia simu. Nilisema, "Bibi, nilikudanganya bila kujua." Akauliza kama watoto watakufa. Hapo nilikosa pumzi. Nikamweleza kwamba kiasi kikubwa huua haraka, lakini kidogo kidogo cha kila siku huharibu ini polepole mpaka saratani, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwamba watoto wako wazima leo haina maana kwamba tulifanya sawa. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi niambie la kufanya."

Nilimwambia haya, nawe wapelekee wako:

Anika juu ya turubai au mkeka, si kwenye udongo. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi.

Chambua kabla ya kusaga, kisha koboa. Mabovu usimpe ng'ombe. Aflatoksini hutoka kwenye maziwa. Yazike.

Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana kuvu na wadudu wote wanahitaji hewa.

Likizo iliyofuata nilinunua turubai kwa hela ya boom. Bibi aliitandika, akakaa, akaendelea kuchambua. Safari hii nilikaa naye, na sikusema neno mpaka debe likaisha.