Neno Moja, Maana Nyingi

Muhula huu mimi nilipanda shimo, likaota. Msishangae, nitaeleza.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa habari fupi ya Kimarekani tuifasiri. Ndani yake mtoto alikula fyulisi, tunda lilimwalo Lushoto ambalo sisi wasafiri wa Same hulinunua Mombo kando ya barabara. Kisha akaifukia "pit" yake bustanini. Mimi tangu kidato cha kwanza nilikariri maana moja tu ya neno hilo, yaani shimo. Basi nikaandika: "Mtoto alikula fyulisi, akalifukia shimo lake, nalo likaota." Darasa zima lilicheka, nami niliona aibu sana.

Kumbe hayo ni maneno mawili yenye sura moja. Lile la shimo ni la kale, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kisima. Machimbo kama yale ya jasi kule Makanya huweza kuitwa hivyo. Lile la koko la tunda lilitoka kwa Waholanzi, likaenea Marekani. Waingereza husema "stone", yaani jiwe, na neno hilo tena ni kipimo cha uzito wa ratili 14.

Mwalimu akawageukia waliocheka. Aliandika ubaoni neno "paa", akauliza maana yake. Mmoja alisema ni mnyama, wa pili akasema ni sehemu ya juu ya nyumba, wa tatu akasema ni kuruka angani. Wote walisema kweli, lakini hakuna aliyetaja zote. Mwalimu akauliza, "Mbona hamkosei mnapoongea?"

Jibu ni upatanisho wa maneno. Twasema paa yule amekimbia, paa lile linavuja, ndege inapaa. Kiingereza hakina msaada huo, kwa hiyo yapasa kuyauliza maneno ya jirani. Katika habari ile palikuwa na tunda, bustani na kuota. Shimo haliwezi kuota.

Basi, wadogo zangu wa vidato vya chini, msikariri maana moja mkaridhika. Sisi wa kidato cha nne mtihani wa taifa u karibu, na huko hakuna atakayecheka ili tujue tumekosea. Mkutanapo na neno, tazameni kwanza limekaa na maneno gani, ndipo mfungue kamusi.