Paulo Azuiliwa Njiani
Somo: Matendo 16:6-15

Wapendwa, Paulo hakuwa anakimbia kazi ya Mungu. Alitaka kuhubiri Asia, mpango mzuri kabisa, lakini Roho Mtakatifu akamkataza. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena, bila kuelezwa sababu. Wewe uliyefunga na kuomba, na bado ile kazi ikapewa mwingine, unajua hali hiyo. (Hapo wengi wetu tungeanza kumkemea shetani!) Paulo aliteremka tu mpaka Troa, akangoja. Usiku akaona maono ya mtu wa Makedonia, wakavuka bahari. Kule Filipi, kando ya mto, aliyeokoka ni Lidia, muuzaji wa zambarau. Sasa angalia kwao ni wapi: Thiatira, mji wa Asia ileile aliyokatazwa.