Akili Pale Mikono Ilipo: Elimu kwa Wenye Presha, Tabora

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Kutoka Tabora mjini, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua tumeletewa neno lile lile: mtu anakwenda kupima, mashine inasoma juu, anaandikiwa vidonge, kisha anaagwa kwa maneno mawili, “punguza mawazo.” Namna ya kuyapunguza haelezwi. Mkulima mwenye deni la pembejeo na ada ya mtoto ya Januari hawezi kuacha kuwaza kwa kuamriwa. Lalamiko ni la haki, nasi tumelifanyia kazi.

Lakini kabla hujafungua ukurasa wa pili, shika hili: USIACHE DAWA ZA PRESHA. Utafundishwa hapa namna ya kutuliza akili ukiwa kazini. Hufundishwi kujitibu.

Tunalisema kwa ukali kwa sababu tunajua linakopotelea. Wengi wetu tunaamini presha ni ugonjwa wa mawazo, basi mawazo yakitulia nayo imekwisha. Mtu analala vizuri wiki mbili, kichwa hakigongi, anavifungia vidonge kabatini. Presha haiendi hivyo. Inaweza kukaa juu miaka mingi bila kuuma popote, huku ikichosha moyo, figo na mishipa ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Umri, kurithi, chumvi, unene, pombe na sigara vyote vimo ndani yake. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine, na ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha hata kama unacheka.

Sasa zoezi lenyewe. Halihitaji mkeka, chumba wala saa ya ziada. Chukua kazi uliyonayo, tuseme kubambua karanga. Weka simu mbali. Shika ganda, sikia ukavu wake na vumbi linavyobaki kwenye vidole, libonyeze, sikiliza linavyopasuka. Tazama punje: ngozi yake nyekundu imekaza au imejikunja? Ipo iliyooza? Ifikapo karanga ya kumi hivi utajikuta uko sokoni unagombana na mtu aliyekukopa. Usijilaumu. Rudisha akili kwenye ganda lililo mkononi. Itaondoka tena, irudishe tena. Huko kurudisha ndiko zoezi, na anayerudisha mara hamsini hajashindwa. Fanya hivyo ukiosha sufuria, ukimenya viazi vya michembe, ukifagia uwanja asubuhi. Kazi moja kwa siku inatosha kuanzia.

Akili kuzurura si ugonjwa wa Wanyamwezi wala wa maskini peke yao. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, waliwauliza watu 2,250 kwa njia ya simu, katikati ya shughuli zao, akili ilikuwa wapi. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kuwa haikuwa kwenye kazi, na watu waliozurura hivyo walikuwa na furaha ndogo kuliko waliokuwapo. Aliyeliingiza zoezi hili hospitalini, Jon Kabat-Zinn, alianza mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani. Wagonjwa wake waliendelea kutibiwa na madaktari wao. Soma sentensi hiyo mara mbili. Asili ya zoezi ni mafunzo ya Kibudha, na hatulifichi hilo kwa wanaouliza, ila tunavyolifundisha halina sala wala kiapo. Mwislamu na Mkristo wanalifanya bila kugusa ibada yao.

Tukisema usiache dawa, wapo wanaotujibu kuwa babu zao walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo bila kumeza kidonge. Kubeba walibeba, tena mizigo ya kilo thelathini na zaidi, na ukienda Kwihara, alikokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872, utaonyeshwa njia yao. Tunawaheshimu. Lakini misafara ile ilizika watu wengi njiani kwa ndui, kuhara na njaa, na hakuna aliyekuwa na mashine ya presha. Aliyeanguka ghafla aliachwa porini bila kujulikana kilichomwangusha. Usiwafanye wale marehemu kuwa sababu ya kuacha dawa.

Kuna faida moja ya zoezi hili tunayoiona kubwa kuliko zote kwa mkoa wa tumbaku: mtu aliyepo mwilini mwake huiona dalili mapema. Anayechuma majani yenye umande au mvua bila glavu huingiza nikotini kupitia ngozi. Kizunguzungu, kichefuchefu na kichwa kuuma vikianza shambani, wengi husema “ni mawazo” na kuendelea kuchuma. Toka shambani. Vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni, kunywa maji, nenda zahanati. Utulivu umekuonyesha, kutibu ni kazi ya zahanati.

Mafunzo yetu ni bure kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa gharama za matibabu. Utaratibu muulize mtendaji wa kijiji au mtaa. Anayesikia sauti za watu asiowaona, au anayewaza kujidhuru, asianze na zoezi hili. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na ndugu asimwache peke yake.

Tunarudia, na tutarudia kila mkutano: usiache dawa, usipunguze dozi mwenyewe, usimgawie jirani. Vidonge vikikuletea kikohozi au miguu kuvimba, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie. Baadhi ya dawa zikikatwa ghafla, presha hupanda kwa kasi.

Na siku mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakianza kukoroga, usikae chini kutuliza akili, wala usingoje kupambazuke. Tafuta usafiri wa kwenda hospitali. Anayekusindikiza aangalie saa na kukumbuka dalili zilianza lini, kwa sababu daktari atauliza hilo kwanza.