MTOTO APOKEWAYE ASHUHUDIWE LANGONI

Somo la mwezi kwa walimu na wazee wa usharika. Someni kwanza: Ruthu 4:1–12 na Esta 2:5–7.



Huruma si kitu kigeni nyumbani mwetu. Mama akifa, shangazi humtwaa mtoto. Baba akifa, mjomba huongeza sahani. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya mlima Hanang yalipoishukia Katesh, katika mkoa wetu wa Manyara, watu zaidi ya 80 walikufa, na jamaa na majirani wakawafungulia milango waliosalia. Basi leo siwafundishi kupokea watoto, maana hilo mwalijua. Nataka tujifunze kumpokea mtoto hata asiweze kufukuzwa.

Hapa Babati nalimzika mzee mmoja aliyemlea mtoto wa watu tangu uchanga wake. Wote walimwita mwanawe. Lakini mzee hakuandika neno, wala hakwenda mbele ya hakimu. Matanga hayajaisha, ndugu za marehemu wakamwuliza kijana, “Wewe ni wa nani?” Hakuwa na hati ya kuwajibu. Akatoka na kifurushi chake. Nami mchungaji wake nilikuwa nimekula mezani pao mara nyingi, nisiulize hata siku moja. Kosa hilo ni langu pia.

1. Boazi alikwenda langoni. Moyoni alikuwa amekwisha kuazimu kumtwaa Ruthu na kuliinua jina la marehemu. Hata hivyo hakuridhika na azimio la moyo. Aliketi langoni pa mji, akawaita wazee kumi, akasema neno lake mbele yao. Hivyo wema wake ukapata mashahidi, wala hapana mtu aliyeweza kuutangua baadaye.

2. Baba zetu nao walijaribiwa. Dakta Martin Luther na mkewe Katharina von Bora waliwalea huko Wittenberg yatima wa jamaa zao. Mwaka 1542 Luther aliandika wosia wa kumwachia mkewe mali, asifuate taratibu za sheria ya Saxony. Alipokufa mwaka 1546 wosia ukapingwa, hata ikampasa mtawala wa nchi mwenyewe kuuthibitisha. Lakini si kila mjane na yatima aliye na mtawala wa kumtetea.

3. Lango letu la leo. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Kwa sheria hiyo mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Atakaye kumwasili mtoto, yaani kumfanya mwana wake kabisa, hana budi kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Nyumba yake huchunguzwa, kisha mahakama huamua. Asiye jamaa wa mtoto aliwekewa sharti la kufika miaka 25, na kumzidi mtoto miaka 21. Ridhaa ya wazazi hutakiwa, na malipo yamekatazwa, kwa maana mtoto hanunuliwi. Amri ikitolewa, mtoto huandikwa katika daftari ya Msajili Mkuu, naye huwa kama mwana aliyezaliwa nyumbani humo.

Si kila bibi amleaye mjukuu ahitaji amri hiyo. Walakini afisa na wazee wa mtaa wamjue mtoto, naye awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wake.

4. Lango humlinda mtoto pia. Wako wamtwaao msichana kijijini kwa jina la undugu, kumbe wataka mtumishi asiye na mshahara, wala shuleni haendi. Anayefanya neno lake kwa haki haogopi kuulizwa. Sheria ile imempa kila mtu wajibu: ajuaye kwamba mtoto anadhulumiwa atoe habari kwa serikali ya mahali pale. Simu 116 hupokea habari hizo bila malipo.

Sisi nasi tulifanywa wana, kama Paulo afundishavyo katika Warumi 8. Mungu hakuuficha upendo wake. Alitupa ahadi na Ubatizo mbele ya mashahidi. Tumtendee mtoto vivyo hivyo.

Maswali ya kuzungumza:
Katika mtaa wako, ni watoto wangapi wanaolelewa na wasio wazazi wao?
Mlezi wao akifa usiku huu, nani atawashuhudia?
Mzee gani wa usharika atafuatana na mlezi hata ofisi ya Ustawi wa Jamii kabla ya somo lijalo?

Bwana, Baba wa yatima, awape bidii.