SOMO: KELELE NDANI YA MASIKIO

Mama mpenzi, je, unasikia sauti ambayo wengine nyumbani hawaisikii? Pengine inalia kama kengele, ao kama nyenje wa usiku, ao kama mvua juu ya mabati.

Mama mumoja muzee alikuja kwetu. Masikio yake yalikuwa yamepunguka nguvu. Kila usiku alisikia watu wanaimba wimbo uleule, lakini inje hapakuwa mutu. Alinyamaza, aliogopa watasema amerogwa. Mbuzi wake wawili walikwisha kwenda kwa mufumu. Tulimwambia: Mama, haukurogwa, wala hauna wazimu. Ni ugonjwa wa masikio.

Inatoka wapi?

Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana. Vinapokea sauti na kuipeleka kwa ubongo. Vikikufa, haviote tena. Basi ubongo unakosa sauti, unatega sikio kwa nguvu, na mwisho unasikia hata kisichokuwako. Wewe unalijua jambo hili: mama wa mutoto muchanga anaamka usiku akisikia mutoto analia, kumbe mutoto amelala.

Mambo yanayoleta kelele hii ni uzee, mashine za kusaga na vyombo vingine vya kelele nyingi, usaha, ao nta iliyojaa sikioni. Hata dawa zingine. Kwinini inaliza masikio, lakini mara nyingi inaisha dawa ikimalizika. Usiiache wewe mwenyewe, maana malaria inaua, mwambie infirmie. Sindano za gentamisini zinaweza kuharibu masikio kwa siku zote. Kwa hiyo usikubali sindano ovyo ovyo sokoni.

Ufanye nini?

1. Njoo tuangalie masikio. Kama ni nta ao usaha, kuna dawa.
2. Usitie kijiti, mafuta, wala majani.
3. Usikae katika kimya kabisa. Usiku weka redio kwa sauti ndogo.
4. Omba watu wa nyumbani wakuangalie usoni wakisema, tena polepole.
5. Ukipata chombo cha kusaidia kusikia, mara nyingi kelele nayo inapunguka.

Kuja upesi, usingoje siku ya kliniki, kama sikio moja limekufa ghafula, kama kelele inapiga pamoja na moyo, kama unazunguka kichwa, ao kama sauti inakuamuru kufanya mabaya.

Na yule mama? Nyimbo hazikuisha zote. Lakini sasa anajua ni nini, hana hofu tena, na analala. Mbuzi waliobaki wako nyumbani.

Maulizo

1. Sababu gani ubongo unasikia sauti isiyokuwako?
2. Ukimeza kwinini na masikio yakalia, utafanya nini?
3. Ni nani kwenu anayesikia kidogo, na ananyamaza? Mulete naye.